Mzunguko Wenye Milango Miwili

Idrisa hurudi kutoka msikitini kabla jua halijafika kwenye mabati ya Ipuli, mtaa wa Tabora. Huvua kanzu, huitundika nyuma ya mlango, kisha hukaa mbele ya kompyuta akiwa na fulana na msuli. Dada yake Maua huwa ameshawasha jiko la mkaa uani. Mpaka mteja wa kwanza agonge dirisha la banda lake la kutengeneza simu, Idrisa hazungumzi na mtu. Anasoma. Anachokisoma hakina sentensi wala aya. Ni mistari mifupi iliyopangwa kwenda chini, kila mstari na amri yake moja. Chukua namba. Iweke juu ya rundo. Linganisha. Ikiwa ndogo, ruka uende mstari ule. Ongeza moja. Rudi.

"Kaka, chai," Maua anaita.

"Naja."

"Naja yako ya kwanza imeshapoa. Nikumiminie nyingine, au umsubiri marehemu mnywe wote?"

Idrisa anacheka kidogo kwa pua, bila kugeuka. Maua peke yake ndiye anayeweza kumwambia hivyo. Wazazi wamekufa, mke aliondoka zamani, na nyumba ile ya vyumba vinne ina watu wawili.

Marehemu ni Shigela, mtu wa Igunga. Aliandika mchezo wa bao wa kuchezwa kwenye simu, akafa, na maandishi yake yakapotea. Kilichobaki ni mchezo wenyewe, ambao unachezeka lakini hausomeki. Idrisa anataka kuusoma. Hasa anataka kusoma sehemu moja tu, ile ambamo mchezo unachagua shimo la kuanzia, kwa sababu anaamini kwamba hapo ndipo Shigela alipoweka namna yake ya kucheza. Miaka sita amekuwa akiucheza kila siku, akiamini anacheza na rafiki yake. Anataka kuwa na hakika.

Mimi nilikuwa nafuata kwa vipande njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ikaishia Ujiji, na Tabora nilikusudia kupita tu. Chumba nilichopanga kilikuwa ukuta kwa ukuta na banda la Idrisa. Simu yangu ilikufa siku ya pili. Ndivyo tulivyojuana, na ndivyo nilivyokaa muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Anayeandika programu huandika kwa maneno ambayo mtu mwingine anaweza kuyasoma: hili ni shimo, hizi ni kete, kete zikiisha fanya hivi. Kisha programu nyingine huyachukua maneno hayo na kuyageuza kuwa baiti, yaani mafungu ya namba ambayo simu inayaelewa upesi. Mafundi wanaita baitikodi. Katika kugeuzwa huko maelezo ya mwandishi hupotea, na mpangilio wa mawazo yake huvunjwavunjwa. Ipo zana inayojaribu kwenda kinyume, dikompaila, ambayo huzitazama baiti na kukisia mwandishi alikuwa ameandika nini. Mara nyingi inakisia vizuri. Inapokwama, fundi hana budi kuzitoa amri moja moja na kuzisoma kwa macho yake, ajue ni ipi iliyoikwamisha zana, halafu aifundishe.

Kazi hiyo ya kutoa amri moja moja Idrisa anaiita kufumua. Baba yake alikuwa fundi cherehani karibu na soko. Alipoletewa kanzu ya kigeni yenye mkato asioujua, aliifumua mshono kwa mshono, akavilaza vipande mkekani na kuvitazama mpaka ameelewa.

"Wateja walikuwa wanakasirika," Idrisa aliniambia. "Mtu kaleta kanzu nzima ili ashonewe nyingine kama hiyo, anarudi anakuta matambara. Baba anamwambia, kaa, kunywa kahawa, itarudi."

"Ilikuwa inarudi?"

"Nyingi."

Alikutana na Shigela katika shule ya sekondari ya bweni hapa mjini. Shigela alitoka kwa wakulima wa pamba. Idrisa alikuwa mtoto wa mjini, ambaye mababu zake walikuja na misafara kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika wakaona hakuna haja ya kuendelea. Mmoja alikwenda kanisani na mwingine msikitini, na siku iliyobaki ilikuwa ya bao. Walicheza bao la kwao Shigela, ambalo Igunga wanaliita isolo, kwa mashimo waliyochimba ardhini nyuma ya bweni na kokoto badala ya kete. Shigela alikuwa akizisemesha kokoto kwa Kisukuma. Idrisa hakuelewa, na alipouliza aliambiwa kwamba si yeye anayesemeshwa.

Baada ya chuo Shigela alipata kazi Igunga, kutunza kompyuta za kiwanda cha kuchambua pamba. Idrisa alifungua banda. Kila alipokuja Tabora kuchukua vifaa, Shigela alilala Ipuli, na jioni nzima ilikuwa bao barazani. Enzi hizo kila mtu alikuwa na simu ya vitufe, na vijana wachache waliojua walikuwa wanaziandikia michezo midogo. Siku moja Shigela alimwekea Idrisa mchezo kwenye simu, akamrudishia.

"Nini hiki?"

"Mimi. Nikiwa Igunga usije ukasema umepumzika kufungwa."

Simu zile zilikuwa na nafasi finyu, na mchezo wa kwanza ulikuwa mzito, ukawa unasita kabla ya kucheza. Shigela akaupunguza. Alifupisha majina yote ya ndani kuwa herufi moja moja. Hilo lilipokuwa halitoshi, aliziendea baiti zenyewe, zile ambazo kwa kawaida huachiwa mashine, akawa anazikata kwa mkono: amri inayojirudia anaiondoa, safari ndefu anaifupisha kwa kuruka moja kwa moja katikati. Alijisifu kwa hilo kama watu wa kwao wanavyojisifu kwa ng'ombe. Baada ya hapo mchezo ulijibu papo hapo.

Alikufa kwa ugonjwa wa ini. Alizikwa kwao, nje kidogo ya mji wa Igunga, wakati mpunga ulikuwa bado majini.

Hapa inabidi nieleze habari ya mfuko. Wazaramo ni watani wa Wanyamwezi na Wasukuma, na wengi husema utani huo ulianza kwenye misafara, baina ya wenyeji wa pwani na watu wa bara waliopita kwao na mizigo. Penye msiba mtani ana haki zake. Anaweza kulala mahali pa maiti, kumwiga marehemu, kuwatukana wafiwa wakiwa wanalia, na kuchukua kitu cha marehemu akakaa nacho mpaka akombolewe, kwa kuku au kwa chochote kitakachochekesha. Bila hivyo msiba unaonekana umepooza. Mtani wa Shigela alikuwa Mabruki, Mzaramo anayefanya kazi kwenye behewa la mizigo la treni. Alikuwa akimletea Shigela vifaa vya kiwanda Tabora, na treni ikichelewa kuondoka walicheza bao stesheni.

Mabruki alifika Igunga siku ya mazishi akiwa amevaa koti la mvua kwenye jua kali. Akasimama katikati ya waombolezaji.

"Mpagazi wangu amelala," alisema. "Nani atabeba mzigo?"

Wanawake wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka.

"Nauliza. Mnyamwezi amelala njiani, mzigo unabaki kwa nani?" Akazunguka nyumba, akaingia ndani, akatoka na mfuko mweusi wa Shigela kichwani, mikono ameiachia kama wafanyavyo wapagazi stadi. "Basi leo naubeba mimi. Mkitaka mzigo wenu, leteni jogoo asiyechechemea."

Ndani ya mfuko mlikuwa na kompyuta ya Shigela, na ndani ya kompyuta mlikuwa na kila alichowahi kuandika. Hakuna aliyelitambua hilo ila Idrisa. Ndugu wa Shigela walidhani kina shemeji watakomboa, kwa kuwa ndio waliokuwa wakipokea wageni. Upande wa Leonia, mjane, walidhani kukomboa ni kazi ya ukoo wa mwanamume. Idrisa alikaa kwenye mkeka wa wanaume akingoja jogoo atokee. Hakuwa ndugu. Hakuwa Mnyamwezi, hakuwa Msukuma, na utani huo haukumhusu. Mgeni kuingia kati na kulipa angeonekana anawafundisha watu msiba wao. Jioni Mabruki aliaga akiwa na mfuko kichwani, akipunga mkono, akitazama nyuma kila baada ya hatua chache aone nani anamkimbilia. Hakukimbiliwa na mtu. Alipanda lori lililokuwa linaelekea Singida.

Alingoja kwake Dar es Salaam muda mrefu. Mwishowe akaona labda wafiwa wameamua kumwachia, akampa mpwa wake kompyuta, na mpwa akaipeleka kwa fundi iwekwe kila kitu upya. Idrisa alipopata namba yake na kumpigia, haikuwa na kitu tena. Safari iliyofuata Mabruki aliirudisha mwenyewe mpaka Ipuli. Alisimama mlangoni na ule mfuko, bila utani wowote.

"Ningejua akili yake imo humu," alisema, "nisingeshuka nao Singida kununua vitunguu. Ningeubeba kichwani mpaka mwisho."

Hilo lilikwisha, na hawakugombana.

Simu ya vitufe nayo ilichakaa, lakini mchezo haukuwa hatarini. Ziko programu zinazoiga simu za zamani, na Idrisa aliuhamishia kwenye simu yake mpya bila shida. Alicheza akisubiri wateja, akisubiri chumvi iyeyuke mchuzini, akiwa garini kwenda Kipalapala kutengeneza mashine ya kuchapisha ya padri mmoja. Mwanzoni alifungwa kila mara. Halafu, mwaka wa pili au wa tatu, akaanza kushinda.

Ilikuwa kwa sababu aligundua jambo. Kila alipokula kete za Shigela, Shigela alikiacha kichwa cha kushoto. Kichwa ni shimo la mwisho la mstari wa mbele, na mchezaji mwenye akili hukitegemea sana. Shigela akiliwa, zamu iliyofuata asingekigusa hata kingekuwa kimejaa kete za kuua. Angecheza kwingine, kokote. Zamu hiyo ikipita, angekirudia kama kawaida.

"Kasusa," Idrisa alimwambia Maua siku alipokuwa na hakika.

"Nani?"

"Shigela. Ukimla, anakisusa kichwa."

"Hata mimi ningesusa. Mtu kafa bado unamla."

Ikawa mazoea yao. Maua akipita na ndoo huuliza, "Kasusa?" na Idrisa hujibu ndiyo au bado. Alikupenda kule kususa. Namba zile zingeweza kuwa za mtu yeyote, lakini kususa kulikuwa kwa mtu mmoja. Alianza kukumbuka barazani, Shigela akivuta mdomo, akirudisha mkono kutoka kwenye kichwa cha kushoto. Hapo ndipo alipoamua kuzifungua baiti na kusoma sehemu hiyo ilivyoandikwa.

Dikompaila aliyoitumia ni ya bure, inatunzwa na watu wa kujitolea waliotawanyika nchi mbalimbali. Ilimfungulia karibu mchezo wote: kuchora ubao, kuhesabu kete, rangi, sauti ya kete ikianguka. Ilipofika kwenye kuchagua shimo ikatoa mstari mmoja wa kusema imeshindwa, na chini yake mrundo wa baiti.

Basi akafumua. Alianza mvua za kwanza zilipoanza kunyesha. Alitoa amri moja moja, akaziandika pembeni kwa Kiswahili, akachora mishale ya kila mruko: huu unatoka hapa unaangukia pale. Ukutani juu ya kompyuta zilibandikwa karatasi zenye mishale mpaka Maua akauliza kama ni ramani ya siafu. Ilikuwa kazi ya polepole, na nilipomkuta alikuwa ameizoea kama mtu alivyozoea ziara ya kaburi. Alinionyesha mahali Shigela alipoacha namba juu ya rundo kwa makusudi ili aikute baadaye, asilipe gharama ya kuihifadhi. Mahali pengine alitumia sehemu moja ya kumbukumbu kwa kazi mbili.

"Angalia huyu," alisema. "Ubahili wa Igunga."

Alisema kama Shigela yuko uani ananawa.

Kilichoikwamisha zana kilikuwa mzunguko. Kuchagua shimo ni kupita shimo moja moja, kutoka kichwa cha kushoto hadi mwisho, ukiuliza kila moja litaleta nini. Programu yoyote ingefanya hivyo kwa kurudia amri zilezile, na dikompaila inajua sura ya marudio hayo: mzunguko una mlango mmoja, unaingilia mwanzo, unatokea mwisho. Wa Shigela ulikuwa na milango miwili. Katika kukata kwake alikuwa ameweka mruko unaoingia katikati ya mzunguko kutokea pembeni. Mashine haikujali. Dikompaila ilifika pale, ikaona watu wanaingia kwa mlango na kwa dirisha, ikakata tamaa.

Mlango wa pembeni ulitumika wakati mmoja tu, mchezaji wa simu akiwa ametoka kuliwa.

Idrisa aliufuata mshale kwa kidole. Anayeingia kwa mlango wa mbele huanza na shimo sifuri, yaani kichwa cha kushoto, anaulizia, kisha anaongeza moja. Anayeingia kwa mlango wa pembeni huangukia moja kwa moja kwenye amri ya kuongeza. Sifuri inakuwa moja kabla hajauliza chochote. Kichwa cha kushoto hakikuwa kinakataliwa. Kilikuwa hakionekani.

Aliniita dirishani asubuhi hiyo, na aliponieleza nilimwona ana uso wa mtu aliyepewa habari ya msiba kwa simu mbovu, hajui kama amesikia sawa.

"Inaweza kuwa kakusudia," nilisema.

"Inaweza."

"Na inaweza kuwa kakosea wakati wa kukata."

"Kuokoa baiti tatu," Idrisa alisema. "Angekata hata kidole kuokoa baiti tatu."

Alimwandikia mtunzaji wa dikompaila, mtu ambaye hajawahi kumwona, akamtumia ule mzunguko na maelezo ya milango yake. Jibu lilikuja la furaha. Mtunzaji alisema wamekuwa wakitafuta mfano mdogo na safi wa aina hiyo, na kwamba wakishirikiana zana inaweza kufundishwa: ikiuona mlango wa pili, inakili kipande cha mzunguko ili kila mlango uwe na mzunguko wake. Mwishoni aliongeza, kwa kupita tu, kwamba bila shaka kuruka lile shimo la kwanza ni kosa la mwandishi.

Idrisa aliisoma sentensi hiyo ya mwisho mara nyingi kuliko barua yote. Kazi ya kuifundisha zana aliifanya, walitumiana vipande vya programu kwa majuma, lakini akilini alikuwa na swali moja. Shigela aliye hai, barazani, alikuwa anasusa kichwa? Alijaribu kukumbuka na kila alichokumbuka kilikuwa kimetoka kwenye simu. Ule mdomo uliovutwa, ule mkono uliorudi: hakujua tena kama aliuona au aliuweka mwenyewe, jioni baada ya jioni, juu ya skrini.

Alimpigia Leonia. Aliweka spika kwa kuwa mikono yake ilikuwa ndani ya simu ya mteja, na nyuma ya Leonia zilisikika kelele za watu wanaopiga mpunga.

"Shemeji, shikamoo," Leonia alisema, ingawa wako rika moja; humwamkia hivyo kwa heshima ya marehemu.

"Marahaba. Mavuno?"

"Ndege wamekula, tumepata yaliyobaki. Kuna nini?"

Akamweleza.

"Mimi bao silijui, shemeji. Alikuwa anakuja nyumbani amechoka. Alisusa chakula kikizidi chumvi, hilo nakuapia. Bao lilikuwa lenu."

"Haya."

"Na huko ndani unakosoma. Kuna jina langu?"

Idrisa aliweka bisibisi chini. "Majina aliyafupisha yote, shemeji. Kila kitu ni herufi moja."

"L ipo?"

"Ipo. Lakini ipo na K, ipo na M. Zinafuatana tu."

"Haya," Leonia akasema. "Mpunga unaniita."

Alibaki Mabruki. Treni ya kutoka pwani ilifika Tabora mchana, ikawa inapangwa mabehewa ya Kigoma na ya Mwanza, na tulimkuta Mabruki amekaa kwenye gunia la chumvi, anakula muhogo. Ni mtu mnene mwenye macho yasiyotulia.

"Sheikh wa Ipuli," alisema. "Vipi mpagazi wangu, hajaamka?"

"Hajaamka."

"Wanyamwezi hawa. Mzigo umelala Tabora miaka sita, na mshahara kashakula."

"Alikuwa Msukuma."

"Kwangu mimi wote mizigo."

Idrisa alikaa kwenye gunia la pili. "Mabruki, leo nataka uniambie kweli kuhusu Shigela. Acha utani."

"Basi umeniambia ninyamaze."

"Ukimla kete, alikuwa anakiacha kichwa cha kushoto?"

"Shigela? Alikuwa anaiba. Kichwa cha kushoto ndiko alikokuwa anazificha."

"Mabruki."

"Wallahi, sheikh. Mimi nilikuwa natazama mikono yake. Mashimo sikupata nafasi ya kuyatazama." Akamenya muhogo mwingine. Alimtazama Idrisa, akaona hacheki. "Wewe ndiye umecheza naye tangu mko watoto. Mimi unaniulizia nini?"

"Nimesahau."

Mabruki aliacha kutafuna. Nadhani hakutegemea jibu hilo.

"Ninachokumbuka mimi," alisema baadaye, "ni kwamba alikuwa anakufunga. Kila nikishuka hapa nasikia Idrisa kafungwa tena. Habari nyingine sijawahi kuisikia stesheni hii."

"Huo ni utani au ni kweli?"

"Sijui tena, sheikh. Yule kumsema nimezoea kwa njia moja tu."

Filimbi ikalia upande wa Kigoma. Mabruki akainuka, akakung'uta chumvi matakoni, akarudi kwenye behewa lake. Tulirudi Ipuli kwa miguu.

Siku chache baada ya hapo toleo jipya la dikompaila lilitoka. Asubuhi yake nilisikia kimya upande wa pili wa ukuta, kirefu kuliko kawaida, nikaenda. Idrisa alikuwa amelipitisha bao la Shigela ndani yake, na pale palipokuwa na mrundo wa baiti sasa palikuwa na ukurasa mmoja wa maandishi yanayosomeka. Herufi moja moja alikuwa amekwisha kuzibadilisha: shimo, kete, kichwa, mpinzani. Mizunguko ilikuwa miwili, mmoja unaanza na sifuri, mwingine na moja. Alikuwa amesoma mara moja kutoka juu hadi chini.

"Ni fupi," alisema.

"Ni nzuri?"

"Nzuri sana." Alizitazama karatasi za mishale ukutani. "Nilikuwa nikiamka nakuwa na mahali pa kwenda naye. Leo nimesoma yote kabla chai haijachemka."

Maua alileta chai, akaiweka, akaondoka bila kuuliza kama kasusa.

Sasa kwa kuwa maandishi yapo, kulikuwa na jambo ambalo Idrisa angeweza kulifanya, na alijua tangu aliposoma barua ya mtunzaji. Kwenye mzunguko wa pili angeweka sifuri mahali pa moja. Tarakimu moja, basi. Kichwa cha kushoto kingeonekana siku zote. Akifanya hivyo na Shigela alikuwa amekusudia kususa, atakuwa amemfuta kwa mkono wake. Asipofanya, na lilikuwa kosa, basi miaka yote aliyoshinda ameshinda kwa kumpiga rafiki yake upande asioona, na ataendelea kumpiga huko.

"Mabruki kasema nilikuwa nafungwa," alisema.

"Mabruki ni mtani."

"Najua."

Aliandika sifuri. Hakuifuta programu ya zamani. Aliziweka simuni zote mbili, akafungua mpya. Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Nje mteja aligonga dirisha, Idrisa akamwambia arudi baadaye.

Alicheza vizuri, kwa mtindo aliouzoea: alivumilia, akakusanya, kisha akala kete nyingi kwa mkupuo upande wa kulia. Tangu aanze kushinda, hapo ndipo mchezo ulipokuwa umekwisha. Alinyanyua macho akanitazama kidogo. Simu ilijibu papo hapo. Ilianzia kichwa cha kushoto, kete zikazunguka, zikala, zikazunguka tena, zikala tena, na mstari wa mbele wa Idrisa ukabaki mtupu kabla hajarudisha macho vizuri.

Idrisa aliweka simu mezani, skrini juu. Alivuta pumzi, na kwa kitambo alikuwa na uso ambao sikuwahi kuuona kwake, wa mvulana wa bweni.

"Hivi," alisema. "Nilikuwa nafungwa hivi hivi."

"Ni yeye?"

"Sijui kama ni yeye. Kufungwa ni kwenyewe."

Akaegemea nyuma kwenye kiti. Alikuwa anangoja, na ilinichukua muda kutambua alichokuwa anakingoja. Kwenye bao aliyefunga husema. Husema mpaka jirani asikie, humuuliza aliyefungwa kama alikuwa anacheza au anapanga maharage, huzisemesha kete kwa lugha usiyoijua. Uani Maua alikuwa anafagia. Mimi sikuwa na haki ya kusema lolote. Skrini ilikuwa imeandika, kwa maneno aliyoyaweka Shigela mwenyewe, Anza tena, na chini yake vitufe viwili, ndiyo na hapana. Idrisa alivitazama mpaka taa ya simu ikafifia, akaigusa isizimike, akaendelea kuvitazama.